Marduk: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu jina lake, maana yake na hadithi zake

Wengi wanakutana na huyu mungu kwenye Biblia kama Merodaki, wengine kwenye video za Nibiru, wengine kwenye game au jina la bendi, alafu kila mmoja anaondoka na picha yake. Jina la Marduk ni la kulisoma taratibu maana historia nzima ya Babeli imo mule ndani, na ukiirukia katikati unapotea.

Marduk ni nani hasa?

Ni mungu mlinzi wa mji wa Babeli, mji uliokuwa kando ya mto Frati, leo magofu yake yapo karibu na Hilla huko Iraq, kama kilomita 85 kusini mwa Baghdad. Alianza kama mungu wa mji mmoja tu, tena mji ambao mwanzoni haukuwa na jina mbele ya miji mikongwe kama Uruk, Ur, Eridu na Nippur. Babeli ilivyopanda na yeye akapanda nayo, mpaka akakaa juu ya miungu wote wa Mesopotamia. Ukishalishika hilo mengine yote yanafunguka yenyewe, yaani kila sifa unayoiona kwenye jina lake jiulize Babeli ilikuwa imefika wapi wakati huo.

Jina lenyewe maana yake nini?

Kwenye vibao vya udongo jina lake liliandikwa mara nyingi kwa alama mbili za Kisumeri, AMAR na UTU, na mbele yake inatangulia alama ya kuonyesha kwamba hili ni jina la mungu, hiyo haitamkwi. AMAR ni ndama, UTU ni jua au mungu wa jua. Kwa hiyo tafsiri inayokubalika na wengi ni "ndama wa jua", au "ndama wa Utu" ukilichukua kama jina la mungu.

Usilione neno ndama ukadhani ni kumdharau. Kule ng'ombe ndio ilikuwa picha ya nguvu na uzazi, miungu walivalishwa kofia zenye pembe, na hata wafalme walijiita hivyo, kuna mfalme wa Ur aliitwa Amar-Sin, maana yake ndama wa Sin, mungu wa mwezi. Ndama ni kijana mwenye nguvu ambaye bado anakua. Kwa mungu aliyechelewa kupata ukubwa mi naona jina limemkaa vizuri mno.

Matamshi ya zamani yanaonekana yalikuwa kama Marutuk au Maruduk, na hiyo sauti ya "o" kwenye Merodaki imetoka upande wa Kiebrania.

Sasa mbona aitwe ndama wa jua wakati baba yake sio jua?

Swali zuri hili na watu hawaliulizi vya kutosha. Kwenye hadithi baba yake ni Ea, mungu wa hekima na maji matamu ya chini ya ardhi, mama yake ni Damkina. Mungu wa jua ni mwingine kabisa, Utu kwa Kisumeri, Shamash kwa Kiakadi, na kazi yake ni haki na hukumu.

Ila waandishi wa Babeli walijua lugha mbili, Kisumeri ambacho kilishakufa midomoni mwa watu kikabaki cha shule na ibada, na Kiakadi walichokiongea, na wao jina hawakuliacha likae na maana moja. Kwa Kiakadi maru ni mwana. Basi kwenye Enuma Elish, ule utenzi mkubwa wa uumbaji, Marduk anapozaliwa babu yake anashangilia kwa kulichezea jina, anamwita mwanangu, jua, mwana wa jua, jua la miungu. Unaona wanalisikiliza jina la Kisumeri kwa sikio la Kiakadi. Kwao huo haukuwa utani hata kidogo, waliamini jina limebeba kitu chenyewe, kwamba ukilichambua vizuri unamjua mwenye jina.

Hiyo Enuma Elish inasemaje?

Ni vibao saba, mistari elfu moja na kidogo, na jina lake limetoka kwenye maneno ya kwanza kabisa, "wakati kule juu", yaani wakati mbingu haijapewa jina na nchi chini haijaitwa. Ona hapo, utenzi unaanza na vitu visivyo na majina na unaisha na majina 50. Waliotunga walijua wanafanya nini.

Mwanzo kulikuwa na maji tu, Apsu maji matamu na Tiamat maji ya chumvi, wakachanganyika na miungu wakazaliwa humo ndani. Vijana wakawa na kelele, Apsu akakosa usingizi akaamua kuwaua, Tiamat akakataa, lakini Ea akamuwahi Apsu, akamlaza kwa maneno ya kichawi akamuua na kujenga makao yake juu yake. Humo ndimo Marduk akazaliwa, macho manne, masikio manne, anaona na kusikia kila kitu, akifumbua midomo moto unawaka. Babu yake Anu akampa pepo nne achezee, pepo zikamvuruga Tiamat, na safari hii akakasirika kweli. Akazaa majitu kumi na moja ya kutisha, akamweka Kingu kuwa jemadari na kumvalisha kifuani kibao cha majaliwa, ambacho anayekishika ndiye anayeamua hatima ya wote.

Ea akaenda kumkabili Tiamat, akarudi. Anu akaenda akarudi. Ndipo Marduk akajitolea, ila kwa masharti: kama nitawaokoa basi iteni mkutano, neno langu liwe ndio amri na lisibadilishwe. Miungu wakakaa wakala, wakanywa bia, wakalegea, wakakubali. Wakamjaribu kwanza, wakaweka kitu mbele yake, akasema kipotee kikapotea, akasema kirudi kikarudi, wakapiga kelele Marduk ni mfalme!

Vita yenyewe ni fupi. Akatandaza wavu, Tiamat akafumbua kinywa ammeze, akamwingizia upepo mbaya asiweze kufunga midomo, akamchoma mshale. Kisha akampasua vipande viwili kama samaki anayepasuliwa akaanikwe awe ng'onda, na hilo la samaki wa kukaushwa ni maneno ya utenzi wenyewe. Nusu moja akaifanya mbingu, akaweka walinzi maji yasimwagike, na kwenye macho ya Tiamat ndimo inatoka mito ya Frati na Hidekeli. Damu ya Kingu ikatumika kuumba binadamu ili wabebe kazi ambazo miungu walikuwa wamezichoka. Miungu kwa shukrani wakafyatua matofali mwaka mzima wakamjengea Babeli na hekalu lake Esagila.

Kwa hiyo kwenye huu utenzi Babeli sio mji tu wa watu, ni mahali miungu wenyewe walipopajenga. Hiyo ni siasa, na ni siasa kubwa, ila imeandikwa kwa uzuri ambao mi sijauona sehemu nyingi.

Na majina 50 ni yapi, na kwa nini 50?

Mwisho wa utenzi miungu wanakaa wanamtangazia majina yake moja moja, kila jina na maelezo yake, na maelezo mengi yametolewa kwa kulikatakata jina silabi kwa silabi na kila silabi kutafutiwa maana. La kwanza ni Marduk lenyewe, alafu Marukka, Marutukku, linaendelea Lugaldimmerankia maana yake mfalme wa miungu wa mbingu na nchi, Asalluhi, Tutu na wengine kibao.

Sasa sikiliza hapa ndio utamu ulipo. Baadhi ya hayo majina zamani yalikuwa ya miungu wengine. Asalluhi alikuwa mungu wa uganga na kafara za kutakasa kutoka upande wa Eridu, Tutu alikuwa mungu wa mji wa Borsippa jirani na Babeli. Kumpa Marduk jina la mungu fulani ilikuwa ni kumpa na kazi za huyo mungu, na heshima ya mji wake pia. Na 50 haikuja kwa bahati, 50 ilikuwa namba takatifu ya Enlil, mfalme wa zamani wa miungu kule Nippur. Karibu na mwisho Enlil mwenyewe anampa jina lake, bwana wa nchi zote, na Ea naye anamwambia aitwe Ea kama mimi. Serikali nzima ya mbinguni ikahamia kwa mtu mmoja bila kumwaga damu, kwa majina tu.

Ni kitu kimoja na Asmaul Husna?

Hapana. Yale ni majina ya sifa za Mungu mmoja tangu mwanzo. Haya ya Marduk mengi yana historia ya kuhama kutoka kwa miungu wengine, na lengo lake lilikuwa kueleza kwa nini huyu yuko juu ya wenzake, ambao bado wapo na bado wanaabudiwa.

Nibiru ni sayari inayokuja kutugonga?

Haipo sayari hiyo. Neberu ni moja kati ya majina ya mwisho kwenye orodha ya 50, na kwa Kiakadi ni kivuko, mahali pa kuvukia. Ni nyota ya Marduk, inayoshika katikati ya anga na kuziongoza nyota nyingine zisipotee njia, na wataalamu wa nyota wa Babeli waliihusisha hasa na Mshtarii, wengine mnaiita Jupita, unayoweza kuiona kwa macho ukitoka nje usiku. Habari ya sayari ya siri yenye wageni ilianza kwenye vitabu vya miaka ya 1970, kisha watu wakatangaza mwisho wa dunia 2003, ikapita, wakahamishia 2012, ikapita. Inaniuma kwa sababu Wababeli walikuwa mafundi wa kweli wa anga, walipima na kuandika kwa karne nyingi, alafu wanakumbukwa kwa kitu ambacho hawakukisema.

Beli, Baali na Merodaki ni mtu mmoja?

Merodaki ndiye Marduk, ni jina lilelile kwa njia ya Kiebrania. Beli pia ndiye yeye, bel ni bwana kwa Kiakadi, na baadaye watu walizoea kumwita hivyo kwa heshima kuliko kumtaja kwa jina. Ndio maana Yeremia 50:2 wametajwa Beli na Merodaki pamoja, na Isaya 46 yuko Beli na Nebo, huyo Nebo ni Nabu mwanaye.

Baali ndio mwingine. Neno lina asili moja na bel maana lugha zenyewe ni ndugu, lakini Baali wa Kanaani ni mungu wa mvua na radi wa huko kwao.

Kuna majina tunayoyatumia hadi leo yenye Marduk ndani yake?

Yapo. Mordekai wa kitabu cha Esta, wataalamu wengi wanaliona jina lake ni la Kibabeli, Marduka, lenye Marduk ndani. Ukiwa na mjomba anaitwa Mordekai, na Afrika Mashariki wapo wengi tu, basi jina limesafiri mbali sana. Abednego linaelezwa kuwa ni mtumishi wa Nabu. Nebukadreza ni dua kwa Nabu amlinde mrithi, Belshaza ni dua kwa Beli amlinde mfalme. Evil-merodaki, yule aliyemtoa mfalme Yekonia gerezani, jina lake halisi ni Amel-Marduk, mtu wa Marduk. Merodak-baladani aliyetuma wajumbe kwa Hezekia ni Marduk-apla-iddina, Marduk amenipa mrithi.

Marut wa Harut na Marut ndiye Marduk?

Hili linaulizwa sana kwa sababu Suratul Baqara aya ya 102 inawataja wakiwa Babil, yaani Babeli, na sauti ya majina inakaribiana. Ila kufanana kwa sauti hakutoshi. Wale kwenye Qur'ani ni malaika wawili, sio mungu wa mji, na wataalamu wa lugha wanaofuatilia asili ya majina hayo kwa kawaida wanayalinganisha na Haurvatat na Ameretat wa dini ya zamani ya Uajemi. Kwa hiyo usimwambie mtu kwamba ni Marduk.

Ni kweli sanamu yake iliibiwa?

Zaidi ya mara moja. Kwa watu wa kule sanamu hekaluni ilikuwa ndio uwepo wa mungu, ikichukuliwa ina maana mungu ameondoka na mji umebaki mtupu. Wahiti waliivamia Babeli mwaka 1595 KK kwa hesabu inayotumika zaidi, na kumbukumbu za Babeli zinasema mungu wao alienda Hatti, nchi ya hao Wahiti. Baadaye Waashuru wakaichukua, karne ya 12 KK Waelamu wakaichukua tena, na Nebukadreza wa Kwanza, sio yule wa Danieli, ndiye aliyeenda Elamu kuirudisha. Wataalamu wengi wanaona Enuma Elish ilitungwa au ilipewa nguvu kipindi hicho, na inaleta maana, mji uliorudishiwa mungu wake lazima uimbe.

Kuna maandishi ya kale ambapo Marduk mwenyewe anaongea, anasema mimi sikuibiwa, nilisafiri. Nilienda Hatti, nikaenda Ashuru, nikaenda Elamu, kwa hiari yangu. Watu walioshindwa walitafuta namna ya kuuelewa msiba wao bila kumuacha mungu wao, nikisoma yale maneno nawaonea huruma na kuwaheshimu kwa pamoja.

Mwaka 689 KK Senakeribu wa Ashuru aliibomoa Babeli vibaya sana. Waashuru hata walikuwa na nakala ya Enuma Elish ambayo jina la Marduk limetolewa likawekwa la Ashur mungu wao, unaona vita ya majina ilivyokuwa ya kweli. Esarhadoni, mwana wa Senakeribu, akataka kuijenga Babeli upya, ila miungu walishaandika adhabu ya miaka 70. Ikaelezwa kwamba Marduk kwa huruma alikigeuza kibao juu chini, na kwa kikabari, yale maandishi yao ya vibao vya udongo, alama za 70 ukizigeuza zinasomeka 11. Babeli ikajengwa.

Kuhusu mfalme kupigwa kofi?

Hiyo ni sikukuu ya Akitu, mwaka mpya, mwezi wa Nisanu wakati wa masika yao. Siku ya nne kuhani alisoma Enuma Elish mbele ya Marduk. Siku ya tano mfalme aliingia hekaluni, kuhani akamvua fimbo na taji, akampiga kofi, akamvuta masikio na kumpigisha magoti, mfalme akasema sijakosa, sijaisahau ibada yako, sijaiharibu Babeli. Alafu anarudishiwa vitu vyake na anapigwa tena, machozi yakitoka Beli amependezwa, yasipotoka amekasirika. Mfalme mwenye majeshi yote yale analia mara moja kwa mwaka mbele ya mungu wa mji.

Mke, watoto, mnyama wake?

Mke ni Sarpanitu. Mtoto ni Nabu, mungu wa uandishi, mji wake Borsippa. Mnyama ni mushhushshu, ana kichwa cha nyoka chenye pembe, miguu ya mbele ya simba, ya nyuma kama kucha za tai, mkia wa nge. Alama yake nyingine ni jembe lenye ncha kama la kuchimbia mifereji, kitu cha mkulima kabisa.

Alikuwa mkali tu au na huruma pia?

Vyote. Upo utenzi unaitwa Ludlul bel nemeqi, nitamsifu bwana wa hekima, wa mtu mkubwa aliyepoteza cheo, marafiki na afya bila kujua kosa lake, wengi wanamlinganisha na Ayubu. Anasema hasira ya Marduk ni tufani ila pumzi yake ni upepo mwanana wa asubuhi. Mwisho Marduk ndiye anayemponya. Watu wa kawaida walimwita kwenye tiba na kafara, huko ndiko lile jina la Asalluhi lilifanya kazi.

Je walikuwa wanaelekea kwenye Mungu mmoja?

Kuna kibao cha kipindi cha mwisho kinachosema Nergal ni Marduk wa vita, Sin ni Marduk wa kuangaza usiku, Shamash ni Marduk wa haki, Adad ni Marduk wa mvua. Ukisoma unaona wanasogea huko. Lakini mahekalu ya hao wengine yaliendelea na sadaka zao kila siku, kwa hiyo mi sisemi ni Mungu mmoja, nasema ni ile tabia ya kumkusanyia majina ilifikishwa mwisho wake.

Ibada yake iliishaje?

Taratibu. Nabonido, mfalme wa mwisho wa Babeli, alimpenda zaidi Sin, akakaa miaka mingi Tayma huko Uarabuni na Akitu haikufanyika wakati hayupo. Koreshi wa Uajemi alipoingia mwaka 539 KK akatangaza kwamba Marduk ndiye aliyemshika mkono na kumchagua, yaani mgeni anaingia kwa jina la mungu wa mwenyeji. Aleksanda naye aliamuru kifusi cha mahekalu kiondolewe ili yajengwe upya, akafa hapohapo Babeli mwaka 323 KK. Baada ya hapo mji ukapungua watu, makuhani wachache wakaendelea kuandika kikabari na kufuatilia nyota mpaka karne ya kwanza BK.

Naweza kuona nini leo?

Lango la Ishtar lenye mushhushshu kwenye matofali ya bluu liko Berlin, kwenye makumbusho ya Pergamon yaliyofungwa kwa ukarabati mwaka 2023 kwa hiyo ulizia kwanza kama yamefunguliwa, lilichimbuliwa na Robert Koldewey na wenzake kati ya 1899 na 1917. Silinda ya Koreshi, ile ya udongo yenye tangazo lake kuhusu Marduk, iliyopatikana 1879, iko British Museum, na vibao vya Enuma Elish kutoka maktaba ya Asurbanipali ya Ninawi viko hapohapo. Nguzo ya sheria za Hamurabi iko Louvre, Paris, na kwenye utangulizi wake imeandikwa kwamba Anu na Enlil walimpa Marduk mamlaka juu ya watu, hiyo ni karne ya 18 KK. Babeli yenyewe iliingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2019, na ukifika utaona shimo la maji la mraba palipokuwa mnara wa Etemenanki, kila upande kama mita 91, wenyeji wa zamani walichukua matofali yake wakajengea nyumba.